Ukilinganisha na Nini? Mbinu kwa Mwanafunzi Anayetafiti Ugonjwa kwa Mara ya Kwanza

Utafiti wangu wa kwanza uliuawa na swali moja. Nilikuwa nimekaa wiki 6 kwenye kituo cha afya nikiwahoji mama wa watoto waliothibitika kuwa na malaria, nikarudi chuoni kifua mbele: zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa wamelala nje ya chandarua. Nikaandika, bila kusita, kwamba kutotumia chandarua ndicho chanzo. Msimamizi wangu alisoma ukurasa mmoja, akavua miwani.

"Na watoto ambao hawakuwa na malaria, wangapi walilala bila chandarua?"

Sikuwa nimewauliza. Walikuwa wamekaa benchi lile lile, mmoja amevunjika mkono, mwingine ana mapunye kichwani, na mimi nikiwapita kila asubuhi kama hawanihusu. Iwapo zaidi ya nusu yao pia walilala bila chandarua, basi matokeo yangu hayakusema lolote kuhusu malaria. Yalisema tu kwamba vyandarua ni haba kijijini.

Tangu hapo nimesoma mapendekezo mengi ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na maabara. Ni machache yanayoharibikia kwenye hadubini au kwenye kompyuta. Mengi huharibikia pale nilipoharibikiwa mimi: mwandishi hajui analinganisha nini na nini. Mbinu zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, na swali hilo tutalibeba njia nzima.

1. Ingia kwa mlango mmoja

Maswali kuhusu ugonjwa yana milango mitatu: unatokana na nini, unatambuliwaje, unatibiwaje. Mwanafunzi mwenye pupa hutaka kuingia kwa yote mitatu, akaishia kukwama kizingitini. Chagua mmoja, kwa sababu kila mlango una mlinganisho wake.

Ukitafuta chanzo, unalinganisha wenye ugonjwa na wasio nao, au mahali ulipo na mahali usipo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mwaka 1957 mtoto aliyevimba taya. Mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya uvimbe huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kilichofungua njia zaidi ni safari yake ya mwaka 1961: yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari takriban maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewahi kuuona. Hospitali zilizojibu hapana zilikuwa na thamani sawa na zilizojibu ndiyo. Majibu yalipowekwa kwenye ramani, uvimbe ulionekana kufuata maeneo ya joto na mvua na kukwepa nyanda za juu zenye baridi. Huna gari wala fedha za safari hiyo, lakini kanuni yake haina gharama: zitafute "hapana" kwa bidii ile ile unayotafutia "ndiyo".

Ukitafuta utambuzi, unalinganisha kipimo unachokichunguza na kipimo kinachoaminika zaidi, kwa mtu yule yule, siku ile ile. Kwa malaria, mlinganisho ambao mwanafunzi anaumudu ni kipimo cha haraka dhidi ya hadubini.

Ukitafuta tiba, unalinganisha waliopewa na wasiopewa, na hapa ndipo akili ya kawaida hudanganya kuliko popote. Kwa miaka mingi watoto walioletwa na homa kali na dalili za mshtuko walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, na ilionekana dhahiri kwamba yanasaidia. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji hayo ya haraka, walifariki asilimia 10.6 na 10.5; katika kundi ambalo halikupewa, asilimia 7.3. Bila kundi la tatu, kila mtoto aliyepona angehesabiwa kuwa ushahidi wa maji.

Kujaribisha dawa kwa wagonjwa si kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Hata hivyo mlango wa tiba haujafungwa. Unaweza kuchunguza kama wagonjwa walioandikiwa dawa mseto ya malaria wanamaliza dozi, au kama antibiotiki zinazoandikwa kituoni zinafuata mwongozo wa taifa. Unaweza kupima majani ya mwarobaini dhidi ya bakteria maabara. Lakini kama uliyaloweka kwenye ethanoli, basi kwenye sahani ile ile weka kikaratasi chenye ethanoli tupu, na kingine chenye antibiotiki inayojulikana. Vinginevyo hujui kama bakteria wameuawa na mwarobaini au na pombe.

2. Lipunguze swali hadi liingie kiganjani

"Malaria kwa watoto mkoani Tanga" ni mada, si swali. Swali lina watu, mahali, kitu kinachopimwa na kitu cha kulinganishia. Tazama linavyopungua: "Malaria kwa watoto." Halafu: "Utambuzi wa malaria kwa watoto chini ya miaka 5." Halafu: "Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 wanaoletwa na homa kituo fulani, kipimo cha haraka kinakosa wangapi ambao hadubini inawakamata?" La mwisho ndilo linalojibika. Ukilisoma tu, unajua kesho asubuhi utasimama dirisha gani.

Kisha lipitishe kwenye mizani tatu: siku, shilingi, mikono. Kama kituo hupokea watoto 8 wenye homa kwa siku na unahitaji 200, hizo ni siku 25 za kazi endapo hakuna anayekataa, na wapo watakaokataa. Shilingi: glovu, lanseti, slaidi, nauli, fomu za kuchapa steshonari, chai ya msaidizi. Mikono: nani anatoboa kidole, nani anasoma slaidi, nani anajaza dodoso wakati mtoto analia?

Kabla ya kulipitisha, nenda kituoni siku moja bila dodoso. Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi ukae karibu na vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za kituo, uone kinachoandikwa na kinachoachwa wazi. Kama safu ya uzito wa mtoto ni tupu kurasa kumi mfululizo, usipange utafiti unaotegemea uzito kutoka vitabuni. Afadhali ulijue hilo Januari kuliko Mei.

3. Usiiabudu 384

Pitia tasnifu kwenye rafu ya maktaba ya chuo chochote cha afya Afrika Mashariki, na hutachelewa kukutana na washiriki 384. Si namba takatifu. Inatokana na hesabu hii: 1.96 kipeo cha pili, zidisha kwa uwiano unaoutarajia, zidisha kwa uwiano uliobaki, gawa kwa kipeo cha pili cha kosa unaloliruhusu. Usipojua kabisa uwiano utakuwaje, unaweka 0.5, ukiruhusu kosa la 0.05, inatoka 384. Kwa maneno mengine, mara nyingi 384 ni ungamo: sijasoma alichokipata aliyenitangulia.

Ukisoma na kuona kwamba mahali panapofanana na pako uwiano ni kama asilimia 10, weka 0.1. Sasa unahitaji watu 139, na ukitarajia mmoja kati ya kumi akatae, waalike 155. Lakini jiulize: kosa la asilimia 5 juu ya asilimia 10 maana yake jibu laweza kuwa popote kati ya 5 na 15. Je, linamfaa mganga mkuu wa wilaya? Ukitaka kosa la asilimia 3, hesabu inakurudisha kwenye 384 ile ile, ila sasa unaweza kumweleza mtahini imetoka wapi.

Na hesabu hii ni ya kupima ukubwa wa tatizo katika kundi moja. Ukilinganisha makundi mawili, kanuni ni nyingine. Epi Info, programu ya bure, itakukokotolea. Wewe uiambie unatarajia tofauti gani.

4. Kibali kwanza, sindano baadaye

Usiguse kidole cha mtu wala kufungua jalada lake kabla ya kibali cha maadili. Tanzania utaanzia kwenye kamati ya chuo chako, na kwa ngazi ya taifa ipo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kenya utapita kwenye kamati ya maadili kisha utaomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Baada ya hapo kuna barua za mkoa, wilaya na kituo, na kila barua ina meza yake ya kulala. Zipeleke mwenyewe, na ufuatilie kwa adabu.

Fomu ya ridhaa iandike kwa lugha ambayo mama mwenye mtoto mgonjwa mapajani ataielewa. Mambo manne yasikosekane: utafanya nini, kitamuuma wapi, atafaidika au hatafaidika na nini, na kwamba akikataa, mtoto atatibiwa vile vile. Hilo la nne liseme kwa mdomo hata kama limeandikwa. Umevaa koti jeupe. Kwa mama huyo, ombi la koti jeupe linafanana sana na amri. Jaribu uelewa wake kwa kumwomba akueleze wewe. Akisema "umesema mtoto atapimwa damu bure", bado hajaelewa. Anza upya.

5. Pima Kiswahili chako kabla ya kupima damu

Madodoso mengi yetu yameazimwa kutoka lugha nyingine, yakatafsiriwa usiku mmoja na mtu mmoja. Hapo ndipo mlinganisho hufa kimya kimya, maana wahojiwa wawili wanajibu maswali mawili tofauti wakidhani ni moja.

Chukua neno "malaria". Mama akisema mtoto wake aliugua malaria mwezi uliopita, mara nyingi anamaanisha alipata homa. Uliza: alipimwa? kwa kipimo gani? aliambiwaje? Chukua "kifua": kwa huyu ni kikohozi, kwa yule ni maumivu, kwa mwingine ni njia ya heshima ya kutotamka kifua kikuu. Chukua "degedege": wapo wanaoihesabu kuwa ugonjwa wa peke yake usiohusiana na malaria, na mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Ukiuliza tu "mtoto amepata malaria kali?" utajibiwa hapana na mama aliyekesha na mtoto anayetetemeka na kugeuza macho.

Na kuna saa. Katika dodoso langu niliuliza homa ilianza saa ngapi. Mama akisema "saa mbili usiku", msaidizi mmoja aliandika 20:00, mwingine akaandika 02:00, wa tatu akaandika "2" akaendelea na kazi. Hakuna programu ya takwimu inayoweza kuokoa safu hiyo. Siku hizi ninauliza hivi: ilianza kabla hamjala chakula cha usiku, mlipokwishalala, au alfajiri? Kiswahili kina vipimo vyake vya wakati ambavyo havihitaji saa ya mkononi.

Utaratibu ni huu. Mtu mmoja atafsiri dodoso kwa Kiswahili, mtu mwingine ambaye hajaona la mwanzo alirudishe kwenye lugha ya awali, halafu lilinganisheni na la mwanzo. Kisha lijaribu kwa watu kumi kwenye kituo ambacho hutafanyia utafiti. Popote mhojiwa anapouliza "unamaanisha?", rekebisha swali, usimrekebishe mhojiwa.

6. Maabara: asiyejua ndiye shahidi mzuri

Tuseme unalinganisha kipimo cha haraka na hadubini. Kosa kubwa ni kumruhusu msoma slaidi aone jibu la kipimo cha haraka. Akishajua ni chanya, atatafuta vimelea mpaka avione. Akijua ni hasi, atachoka mapema. Zipe slaidi namba tu, zisomwe na watu wawili wasiojua jibu la mwenzao wala la kipimo. Wakipishana, wa tatu aamue.

Yapo mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa. Slaidi moja kwa kawaida hubeba tone nene na tone jembamba. Jembamba hugandishwa kwa methanoli. Nene haliguswi na methanoli, kwa sababu chembe nyekundu zake lazima zipasuke ili vimelea vionekane. Ukiichovya slaidi nzima, umepoteza tone nene. Acha tone likauke lenyewe; ukilikausha kwa moto umeligandisha. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 hukaa kama dakika 10. Slaidi haitangazwi hasi kabla ya kupitiwa angalau viwanja 100, yaani miduara 100 ya kile kinachoonekana kwenye lenzi. Ukihesabu vimelea, hesabu dhidi ya chembe nyeupe: ukiona vimelea 40 kwa kila chembe nyeupe 200, na ukichukulia mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa mikrolita, vimelea ni 1,600 kwa mikrolita.

Kwa kipimo cha haraka, mstari wa uthibitisho usipojitokeza, kipimo ni batili, hata kama mstari wa malaria umekolea. Kisome ndani ya muda uliochapwa kwenye karatasi yake, si baada ya kurudi chai. Na usisahau kumuuliza kila mgonjwa kama ametumia dawa ya malaria wiki za karibuni. Vipimo vinavyotafuta protini ya HRP2 vinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa protini hubaki kwenye damu wakati vimelea vimekwisha. Usipouliza, utakilaumu kipimo kwa kosa lisilo lake.

Mwisho, usitupe sampuli kwa kuitazama kwa macho. Desemba 1963 sampuli ya uvimbe wa Burkitt kutoka Kampala ilikuwa ikienda London kwa Tony Epstein. Ukungu ukaipeleka ndege Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka. Ilionekana imeoza kwa bakteria. Kabla ya kuitupa, Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akakuta seli hai za uvimbe zikielea. Seli hizo ziliweza kukuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, wakatangaza virusi walivyoviona ndani yake. Jina la mwanafunzi huyo sasa limo katika jina la virusi hivyo: Epstein-Barr.

7. Hesabu inayoshika

Tuchukue namba za kubuni. Umepima watoto 200. Hadubini inasema 60 wana malaria na 140 hawana. Kati ya 60, kipimo cha haraka kimewakamata 54: uwezo wake wa kukamata wagonjwa ni asilimia 90. Kati ya 140, kimewaonyesha hasi 133: uwezo wake wa kuwatambua wazima ni asilimia 95. Walioonyesha chanya jumla ni 61, na 54 kati yao ni wagonjwa kweli. Mtoto mwenye kipimo chanya ana nafasi kama asilimia 89 ya kuwa na malaria.

Chukua kipimo hicho hicho ukipeleke mahali penye malaria haba, upime watoto 1,000 ambao 20 tu ni wagonjwa. Kitawakamata 18. Kati ya wazima 980 kitawakosea asilimia 5, yaani 49. Chanya ni 67, na wagonjwa kweli ni 18, kama robo tu. Kipimo hakijabadilika hata chembe; kilichobadilika ni watu. Hapa ndipo wanafunzi huandika "kipimo ni kizuri kwa asilimia 95" wakaishia hapo. Andika pia ni wapi, kwa akina nani, msimu gani. Na ukumbushe kwamba hadubini yenyewe huwakosa watu wenye vimelea vichache sana; mizani yako ya kulinganishia nayo ina uzito wake pungufu.

Data ziingizwe mara mbili na watu wawili, kisha faili zilinganishwe. Fomu za karatasi zifungiwe. Majina yakae daftari tofauti na majibu.

8. Rudi kituoni

Tasnifu ikishafungwa jalada gumu na kupelekwa maktaba, kazi imebaki nusu. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili: uliuliza nini, ulipata nini, kituo kifanye nini. Upeleke kwa mkono.

Nilirudia ule utafiti wa chandarua kwenye kituo kile kile, safari hii nikihoji benchi zima, pamoja na wa mapunye na wa mkono uliovunjika. Tofauti ilikuwepo, ila ndogo kuliko nilivyotamba mara ya kwanza. Nikapeleka ukurasa wangu. Muuguzi aliyekuwa zamu, mama mtu mzima aliyenivumilia miezi yote ile, aliusoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akanirudishia.

"Vizuri, mwanangu. Lakini hii ni ya kiangazi. Masika je?"